Aliyeonja Maji ya Paa Kabla Yangu

Juzi, karibu na kituo cha mabasi pale Remera, kijana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri kuliko langu alitaka kuniuzia chujio la maji. Ndoo mbili za plastiki, moja juu ya nyingine, na kati yake unga mweusi. "Mama, hii iko kitu mpya," akaniambia. "Ni mkaa wa takataka za shambani, magunzi, maganda, mabua. Unakinga maji ya mvua, unapitisha hapa, unakunywa." Nikamuuliza ni mpya kwa nani. Akacheka, akidhani huo ndio mwanzo wa kupatana bei, na kweli ulikuwa ndio mwanzo, maana mimi hata bei ya sanda naweza kuipunguza. Nikamteremsha, nikamteremsha tena, na alipokubali nikainamisha pua kwenye ndoo ya juu ili nijue nanunua nini. Harufu ya mkaa uliolowa ikanipanda kichwani. Nikamwambia kijana aiweke kando ndoo yake, nitarudi. Sijarudi. Mtu ambaye akili yake imerudi utotoni hawezi kupatana bei, atapunjwa.

Kwangu mimi harufu ile ni ya wivu. Wanawake wengine wivu wao unanukia manukato ya mwanamke mwingine. Wangu unanukia magunzi ya mahindi yaliyochomwa yakanyimwa hewa, yakapondwa, yakaoshwa, kisha yakamwagiwa maji yaliyotoka juu ya bati letu.

Ninyi mliokuwa watoto Kigali miaka ile ya vita vya kaskazini, kabla ya yale yaliyokuja baadaye, ambayo kila mmoja wetu anayabeba kwa namna yake na ambayo siyaandiki hapa, mnakumbuka maji yalivyokuwa. Sisi tulikaa Nyakabanda, nyumba ya matofali ya udongo, mlango ukiitazama barabara ambako mafundi wa gereji walishinda wamelala chini ya magari ya watu. Mama aliweka meza mbele ya mlango, juu yake mtungi wa udongo na vikombe vya bati, akauza maji ya kunywa na sharubati ya marakuja, yale matunda ambayo wengine huyaita pasheni. Bomba la mtaa lilikuwa na tabia za mfalme, lilitoka lilipojisikia. Lisipotoka tulimngojea mtu wa baiskeli mwenye majerikani, na aliyetumwa kwenda kuzungumza naye ni mimi. Sikuwa na miaka kumi bado, lakini nilijua kuitikisa jerikani na kusema haijajaa, nilijua kuugusa mfuniko na kusema unavuja, nilijua kuondoka kwa hatua za polepole mpaka niitwe. Hamisi, fundi aliyekuwa mteja wetu mkubwa, alizoea kusema, "Mama Mwajuma, huyu mtoto usimpeleke sokoni peke yake, atarudi na soko."

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, kwa ajili ya wajukuu wanaokunywa vitu vya chupa. Kwetu humpi mtu kinywaji bila kukionja wewe kwanza mbele ya macho yake. Iwe pombe ya mtama kijijini au sharubati mjini, anayetoa anapiga funda moja, ndipo anampa mgeni. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Mama alimimina kikombe, akaonja, akaguna kidogo, na biashara ikafunguliwa. Siku ambazo mikono yake ilikuwa na mbegu za marakuja mpaka kwenye viwiko, aliniambia, "Mwajuma, onja." Nami nilionja taratibu, nikiwatazama mafundi wote juu ya ukingo wa kikombe. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini watu huonja, nami sikuuliza kwa sababu nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe: anayeonja ndiye mwenye nyumba. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa barabarani, kwa hiyo mkubwa alikuwa Mama, na baada ya Mama nilikuwa mimi. Hesabu hiyo niliifanya mara mbili na mara zote mbili ilinipendelea.

Kisha Baba akaja na msichana mmoja kwenye kiti cha mbele cha lori, mahali ambapo mimi nilikuwa nimekaa mara moja tu maishani, tena lori likiwa limesimama.

"Huyu ni dada yako," akaniambia. "Anaitwa Uwimana."

Kwamba Baba alikuwa na mke mwingine kaskazini nilijua, kama unavyojua kuna ziwa mahali fulani usilopaswa kwenda. Lakini kwamba ziwa hilo lina mtoto, tena mkubwa kuliko mimi na mwenye masikio kama yangu, hilo sikuwa nimeambiwa. Vita vilikuwa vimewaondoa mashambani. Mama yake na wadogo zake walikuwa kwenye kambi nje ya mji, chini ya maturubai, wakinywa maji ya bondeni, na watoto waliugua matumbo. Baba akamwambia Mama, "Akae hapa mpaka mambo yatulie." Mama akasema, "Akae," neno moja tu, akaenda kuchambua maharage ambayo alikuwa ameshayachambua asubuhi. Baba akalala, akaamka, akapanda lori lake akaenda zake. Wanaume wa malori wana bahati, wanashusha mzigo na kuondoka.

Uwimana akachukua nusu ya mkeka wangu. Akachukua upande wa blanketi usio na tundu, kwa sababu alilala upande wa ukuta na tundu likaja kwangu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini wateja walikipenda, walimchokoza ili aseme tena. Kilichoniuma zaidi ni jikoni. Mama alimkataza kugusa chungu. "Uwimana hapiki," alisema. "Uwimana hachoti unga. Uwimana hagusi chumvi." Mimi nachambua mchele na moshi unanitoa machozi, yeye anafagia uani akiota jua. Nikaona: malkia ameletwa kwa lori.

Bomba likakauka kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Mtu wa baiskeli naye akapotea, wengine walisema vizuizi vya barabarani vimemchosha, wengine walisema amepata wateja wasiotikisa jerikani. Meza ya Mama ikabaki na mtungi mkavu. Na kejeli yenyewe, mvua ilikuwa inanyesha. Ilipiga bati letu kama watu wanaomwaga kokoto, ikashuka kwenye pipa la nyuma, na hatukuweza kuiuza, kwa sababu maji ya paa letu yalikuwa na rangi ya chai hafifu na ladha ya kutu, masizi na njiwa.

"Mama mkubwa," Uwimana akasema siku moja. Hivyo ndivyo alivyomwita Mama, kama inavyopasa kumwita mke mwenza wa mama yako. "Kule kambini iko mwalimu alitufundisha kusafisha maji ya mvua. Na magunzi."

"Magunzi ya mahindi?"

"Ndiyo. Yale watu wanatupa."

Mama alimtazama. Kisha akautazama mtungi. "Mwajuma," akasema, "nenda kwa wale wanaochoma mahindi barabarani ukalete magunzi."

Nilienda kwa hasira, lakini biashara ni biashara. Wachoma mahindi walipoona nayataka magunzi wakaanza kuyaona nao kuwa ni mali. Mama mmoja akataka nimpe kitu. Nikamwonyesha jinsi yanavyomjazia nzi, nikamwambia mimi ndiye ningepaswa kulipwa kwa kumfagilia, nikaondoka kwa hatua za polepole. Akaniita. Nilirudi na gunia zima na hindi moja la kuchoma juu yake. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza mjini Kigali kupunguziwa bei ya takataka. Nilipofika nyumbani hakuna aliyenisifu. Wote walikuwa wanamtazama Uwimana akichimba shimo.

Aliyapanga magunzi shimoni, akayawasha, yaliposhika moto akayafunika kwa bati kuukuu na udongo, akaacha kitobo kidogo. Moshi mweupe ukatoka, ukapungua, kitobo nacho akakiziba. Kesho yake akafukua: magunzi yamekuwa meusi, mepesi kama mifupa ya ndege, na ukiyagonga yanalia. Aliyaponda kwenye kinu chetu kilichopasuka, maana kinu kizima Mama hakumpa. Akaosha unga ule mara nyingi mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Akakata kitako cha jerikani, akaigeuza kichwa chini, shingoni akasokota nyuzi za mgomba, juu yake mkaa, juu ya mkaa mchanga uliooshwa, juu ya mchanga kokoto. Mvua ilipoanza, aliyaacha maji yamwagike yote uani. Mimi nikapiga kelele kwamba anapoteza mali.

"Mvua ya kwanza inaosha paa," akasema. "Ya pili ndiyo yetu."

Alisema "yetu". Nililisikia neno hilo likikaa kwenye kiti changu.

Maji ya pili yakamwagwa juu ya kokoto. Tukasimama sote kuangalia shingo ya jerikani. Niliomba yatoke meusi. Nilimwomba Mungu kwa Kiarabu chote nilichokijua, ambacho kilikuwa kidogo, labda ndiyo sababu. Yalitoka tone, tone, kisha uzi mwembamba, meupe kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mikwaruzo chini ya kikombe. Nikiwa mtu mzima ningemwambia mtu ayachemshe pia, lakini kuni zetu zilikuwa za maharage na sisi tulikuwa na kiu.

Mama akachukua kikombe. Nikanyoosha mkono, kwa sababu mikono yake ilikuwa na udongo na hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Wewe usiguse. Uwimana, onja."

Uwimana akakipokea. Hakupiga funda moja kama watu. Alikunywa mpaka chini, akakigeuza kikombe, hakuna tone lililoanguka. Mama alimtazama kooni, kila funda lilipokuwa likishuka. Mimi nilidhani ni mapenzi. Kisha Mama akatafuta kazi, akafagia palipofagiliwa, akanituma kurudisha ungo ambao hatukuwa tumeuazima kwa mtu, na maji yakakaa pale mpaka jua lilipoanza kushuka. Ndipo na yeye akanywa. Ndipo na mimi nikapewa, wa mwisho, kama mbuzi.

Kuanzia siku hiyo meza ikafufuka. Hamisi alikunywa, akapiga ulimi, akasema, "Mama Mwajuma, haya umeyatoa wapi? Hayana hata harufu ya bomba." Na Mama akasema ni kazi ya Uwimana. Mafundi wakaanza kumwita Uwimana injinia. Mimi niliyepatana bei ya magunzi, niliyeendelea kupatana bei ya magunzi kila wiki, sikupewa cheo. Na kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Sharubati pia, kwa sababu ilichanganywa na maji yale. Kila asubuhi Mama alisema, "Uwimana, onja," na kila asubuhi yeye alikunywa mpaka chini, na kila asubuhi nilijihisi nikisogezwa hatua moja kutoka mlangoni kuelekea barabarani.

Nilijaribu njia ninayoijua. "Mama," nikasema, "leo yeye, kesho mimi."

"Hapana."

"Basi wiki nzima yeye, Ijumaa tu mimi."

"Mwajuma."

"Basi aonje yeye maji, mimi sharubati. Hapo umepata faida."

"Nimesema hapana. Wewe utakunywa baadaye. Na usinywe mahali popote kabla sijakwambia."

Mama hakuwahi kukataa bei yangu bila kutaja yake. Nililia nyuma ya pipa. Nilikuwa nimeelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba nyumba imepata mrithi mwingine. Hata Mama Shabani, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alikuwa ameshakubali. Alikuja kila mchana, akashika kikombe, na kabla ya kukitia mdomoni aliuliza, "Ameonja nani leo?" Mama akamjibu, "Uwimana." "Haya, nipe." Hakuwahi kuuliza hivyo enzi zangu. Nikaona mdomo wa Uwimana una baraka ambazo wangu hauna.

Nilimkabili uani akiosha mchanga. "Kuonja ni funda moja," nikamwambia. "Mbona wewe unamaliza kikombe?"

"Mimi ninamaliza."

"Mlafi."

Akainua mabega, akaendelea kuosha mchanga.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya baridi, mvua ilikuwa imepiga alfajiri na mtungi ulikuwa umejaa. Hamisi alikuwa amekuja na mafundi wenzake na dereva mgeni ambaye gari lake lilikuwa limelala juu ya mawe. Mama Shabani alikuwa amesimama na sindano mdomoni. Watu wengi, hadhira nzuri. Mama akamimina kikombe, akakinyoosha kwa Uwimana, akasema maneno yake yale yale. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimekaa chini ya meza nikipanga marakuja, nikaona mkono wa Mama unapita juu ya kichwa changu kwenda kwa mwingine, nikasimama. Nikakinyakua kikombe hewani. Nikanywa. Na kwa kuwa yeye alikuwa akimaliza, na mimi nikamaliza, mpaka chini, nikakigeuza kumwonyesha kila mtu.

Mama akapiga yowe.

Sikuwahi kusikia sauti ile kwake, na nimesikia sauti nyingi tangu hapo. Aliruka meza, vikombe vikamwagika barabarani, akanishika shingo, akaniinamisha, akanitia vidole mpaka kwenye koo. "Tema! Mwajuma, tema! Mama Shabani, maziwa! Nileteeni maziwa!" Akanipiga mgongoni kwa kiganja. Mama Shabani alikimbilia kwake huku ametema sindano, akarudi na maziwa katika bakuli, nikanyweshwa maziwa hayo kwa nguvu mpaka yakatokea puani. Nilidhani naadhibiwa kwa wizi. Nililia nikisema, "Sirudii, Mama, ni kidogo tu, sirudii," ingawa haikuwa kidogo.

Kisha hakuna kilichotokea. Nilisimama pale, maziwa yakinidondoka kidevuni, mzima kabisa.  Hamisi alikuwa ameshika kikombe chake mkononi, kitupu, cha jana na juzi na siku zote.

"Mama Mwajuma," akasema taratibu. "Kwani maji yana nini?"

Mama akanifuta kidevu kwa kiganja. Na hapo mtoto anayejua kupatana bei akaona jambo ambalo mtoto mwingine labda asingeliona: Mama amekwama kwenye bei yake mwenyewe. Akisema maji yana kitu, basi amekuwa akiwauzia watu hawa kila siku. Akisema hayana kitu, basi yowe lile lilikuwa la nini? Nikamwona anamtazama Uwimana. Nikageuka na mimi. Uwimana alikuwa amesimama mahali pale pale, mkono wake ungali umenyooka kupokea kikombe, na hakuwa na mshangao wowote usoni. Sote tulikuwa na mshangao isipokuwa yeye.

Ikaniingia polepole, kama maji yanavyopita kwenye mkaa. Chungu alichokatazwa. Chumvi. Kinu kilichopasuka. Mama akimtazama kooni. Swali la Mama Shabani. Anayeonja si mwenye nyumba. Anayeonja anaonja sumu, kama ipo, ili wengine wasife. Kwa mgeni, mwenyeji huonja kwa heshima. Huku kwetu mambo yalikuwa yamegeuzwa, mgeni ndiye aliyeonjeshwa, kila siku, mtoto wa mke mwenza, ambaye Mama alihofu ametumwa na sumu, mbele ya mtaa mzima, nami mwezi mzima nilikuwa nimelilia kazi hiyo kama anayelilia nguo ya sikukuu. Na "wewe usiguse", na "wewe utakunywa baadaye", kumbe hayo ndiyo yalikuwa mapenzi, na nilikuwa nimeyalilia nyuma ya pipa.

"Mama mkubwa," Uwimana akasema. "Maji iko safi."

"Najua," Mama akasema.

"Mimi nilikuwa najua kwa nini unanionjesha. Ndiyo maana nilikuwa ninamaliza. Ili uone."

Yule dereva mgeni akajifanya anatazama matairi yake. Mama Shabani akaanza kutafuta sindano yake chini, na aliitafuta muda mrefu sana. Mama akakiokota kikombe kutoka kwenye vumbi, akakifuta kwa kanga, akachota mtungini na akanywa chote, amesimama wima, bila kupumua. Alipomaliza akamwambia Hamisi, "Maji hayana kitu. Mwenye kitu ni mimi." Akaketi kwenye gunia la magunzi, akafunika uso kwa kanga. Hamisi akaweka kikombe chake mezani kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. "Basi nijazie," akasema. "Koo limekauka na mambo yenu."

Mchana ule Mama hakutoka ndani. Mimi nikaenda uani, nikachukua mchi wa pili bila kuambiwa, tukaponda mkaa pamoja, yeye pigo lake, mimi pigo langu. Sikujua kuomba msamaha kwa niaba ya mtu mwingine, nikauliza nilichoweza.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla sijapanda lori. Mama yangu aliniambia, kule watakuonjesha. Kunywa chote. Ukiacha tone, watasema kitu kiko ndani ya tone."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika." Akapiga pigo moja zito, unga ukaruka. "Lakini sikiliza. Kambini mimi ni mkubwa. Wadogo zangu wanakunywa kwanza, mama anakunywa, ikifika kwangu imebaki matope. Hapa mimi ninakunywa wa kwanza. Kikombe kizima. Maji safi. Nikaona kuna hasira, na kuna kikombe. Nikachukua kikombe."

Niliacha kuponda. Nilikuwa nimejiona bingwa wa mtaa kwa sababu ya gunia la magunzi na hindi moja la kuchoma. Huyu hapa alikuwa amechukua shuku ya mtaa mzima akapatana nayo bei mpaka ikamlipa maji kila asubuhi, bila kutikisa jerikani ya mtu. Nikamwonea wivu tena, papo hapo, wivu mpya juu ya ule wa zamani uliokuwa bado haujapoa.

"Ponda," akasema. "Mvua inarudi."

Asubuhi iliyofuata mafundi walikuja wote, na wengine ambao si wateja wetu, maana habari inatembea. Mama alitoka amefunga kanga safi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimimina kikombe, akakiinua kwenye midomo yake mwenyewe, kama anavyopaswa mwenye nyumba mbele ya watu wake. Uwimana akamshika kifundo cha mkono.

"Mama mkubwa, kuonja iko kwangu."

"Hapana, mwanangu," Mama akasema. "Sikuonjeshi tena. Yameisha."

"Najua yameisha. Ndiyo maana leo nataka."

Mama alimtazama. Kisha akampa kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima, na mkwe, na mgeni aliyetoka mbali. Uwimana akapiga funda moja. Moja tu, kama watu. Kilichobaki akampa Hamisi, akajifuta mdomo, akautazama mtaa wote juu ya meza yetu bila kuharakisha. Mimi nilikuwa kando ya mtungi, mkono wangu umeshanyooka bila kutumwa na mtu. Wivu ukanipanda mpaka kwenye masikio, yale masikio yetu sote wawili. Nikaugeuza huku, nikaugeuza kule, nikitafuta pa kuupunguza, kama kawaida yangu. Sikupata. Safari hii ulikuwa na haki yake yote, maana leo aliyeonja alikuwa kweli mwenye nyumba.